Shajara ya mradi: ng'ombe, mbuzi, kuku na punda kwenye hekta moja (wiki ya 1 hadi ya 26)

Mradi ni huu: kuweka ng'ombe 1 wa maziwa, mtamba 1 (ng'ombe jike ambaye bado hajazaa), mbuzi majike 6, kuku wa mayai 30 na punda 1 wa kubeba maji na majani kwenye hekta moja, malisho yasiishe na mnyama mmoja asimponze mwingine. Kabla ya hapo kila aina ilifugwa kwenye kona yake. Kumfuga kila mmoja peke yake si tatizo tena. Matatizo yanatokea pale wanapokutana: kwenye mlango wa stoo, kwenye hori, kwenye ndoo ya maji, kwenye jiwe la madini. Ndiyo maana shajara hii inakaa sana kwenye vitu vidogo kama komeo na mifuniko.

Mgawanyo wa eneo: malisho hekta 0.48, majani ya tembo 0.24, mabanda na mboji 0.12, nyumba na bustani 0.16.

Wiki ya 1: vipimo

Dawa, chakula na uamuzi wa kupandisha vyote huanzia kwenye uzito, na kukisia kwa macho hukosea sana, hasa mbuzi akiwa ameshiba. Bila mizani kubwa, utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Mzingo mara mzingo mara urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo. Ng'ombe: 172 × 172 × 145 ÷ 10,840 = kilo 396. Mbuzi wa wastani: 75 × 75 × 68 ÷ 10,840 = kilo 35. Kanuni ni ile ile kwa wote wawili. Mnyama asimame mahali tambarare, kichwa juu, utepe ukaze bila kubonyeza nyama. Mtamba alipimwa kilo 205. Punda alikadiriwa kilo 150.

Chakula kimehesabiwa kwa uzito mkavu, yaani uzito uliobaki maji yote yakitolewa. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku: kilo 12. Mtamba kilo 5. Mbuzi asilimia 4, kwa hiyo 6 × 35 × 0.04 = kilo 8.4. Punda ni mlaji mdogo kwa umbo lake, asilimia 1.75 inamtosha: kilo 2.6. Jumla kilo 28. Majani ya tembo yaliyokatwa kwa wakati yana takriban asilimia 20 tu ya uzito mkavu, kwa hiyo kilo 28 ni sawa na kilo 140 za majani mabichi kila siku, bila kuhesabu yanayomwagwa chini. Namba 28 imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda na itabaki hapo.

Maji kwa siku: ng'ombe lita 70 (anatoa lita 12 za maziwa), mtamba 25, mbuzi 36, punda 20, kuku 8. Jumla lita 159. Siku za joto kali kuku hunywa karibu mara mbili.

Wiki ya 2: uzio

Malisho yamegawanywa vipande 12 vya mita 20 kwa 20. Uzio wa nje una nyaya 4 za umeme, sentimita 20, 40, 65 na 95 kutoka ardhini. Ng'ombe angetosheka na waya 1 au 2. Waya wa chini ni kwa ajili ya mbuzi, ambaye hutafuta mwanya wa kupita chini kabla ya kufikiria kuruka.

Siku ya kwanza mbuzi walipita kana kwamba hakuna kitu. Kipimo kilionyesha volti 1,800, na mbuzi anahitaji zisizopungua 4,000. Mashine ya kusukuma umeme kwenye uzio ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye athi, yaani nondo zinazoiunganisha mashine na ardhi. Nondo 1 ya urefu wa mita 1 ilikuwa imepigwa kwenye udongo mkavu chini ya paa, mahali pasipofika mvua. Umeme ukipita kwenye mwili wa mnyama lazima urudi kwenye mashine kupitia ardhini, na ardhi kavu hairudishi. Sasa kuna nondo 3 za mita 2, zimeachana mita 3, kwenye udongo unaopokea maji ya kuogea. Volti 5,600.

Jinsi ya kupima athi: nenda mita 100 kutoka kwenye mashine, egemeza vyuma kwenye waya mpaka volti za uzio zishuke chini ya 2,000, kisha rudi upime kati ya nondo ya mwisho na ardhi. Zikizidi 300, ongeza nondo. Majani yanayogusa waya wa chini hunyonya umeme pia, kwa hiyo kufyeka chini ya uzio kumeingia kwenye kazi za kila Jumamosi.

Kabla ya kuingizwa kwenye malisho, mbuzi walifungiwa siku 2 kwenye ua mdogo wenye waya huo huo ndani ya ukuta wa mbao, wajifunze. Mbuzi aliyepigwa puani hurudi nyuma. Aliyepigwa mgongoni akiwa tayari yuko nusu nje husonga mbele.

Wiki ya 3: stoo, na kwa nini kondoo hawamo

Mpango wa awali ulikuwa na kondoo 2. Wameondolewa kwa sababu mbili. Kwanza, shaba. Jiwe la madini la ng'ombe na mchanganyiko wa chakula chake huwa na shaba ambayo ng'ombe anaihitaji, lakini kondoo huihifadhi kwenye ini kidogo kidogo kwa miezi, kisha siku moja ini linaiachia yote na mnyama anakufa akiwa na mkojo mwekundu. Kwenye hekta moja ni vigumu kuhakikisha kondoo halambi jiwe la ng'ombe. Pili, kondoo anaweza kubeba kirusi kisichomsumbua yeye, kikimpata ng'ombe kinamletea homa kali, macho meupe na makamasi mazito, na ng'ombe wengi hawaponi. Mwenye nafasi ya kuwatenga kabisa awafuge. Hapa nafasi hiyo haipo.

Punda naye ana sumu yake. Vyakula vingi vya vifaranga vina dawa ya kuzuia kokisidia (vimelea vya utumbo), kama monensini, salinomisini au lasalosidi. Kifaranga anazivumilia vizuri, lakini kwa punda kiasi kidogo huharibu misuli ya moyo. Kwa hiyo:

- Mapipa yana rangi: nyekundu kuku, bluu ng'ombe na mbuzi. Punda hana pipa. Anakula majani na hei (majani yaliyokaushwa).
- Kila pipa lina kopo lake la kupimia, limefungwa kwa kamba ili lisihame.
- Lebo ya kila mfuko inasomwa kabla ya kumiminwa. Kipande chenye orodha ya viambato kinakatwa na kubandikwa kwenye pipa.
- Masalia ya kuku hayamwagwi kwenye hori la mnyama mwingine yeyote.

Wiki ya 4: banda la kuku la magurudumu

Upana mita 1.8, urefu mita 2. Fito 3 za kulalia za mita 2 zinatoa sentimita 20 kwa kila kuku. Fito zote ziko kimo kimoja, kwa sababu zikipishana kuku wote hugombea ya juu. Ncha za fito zimechongwa mviringo. Viota 6, sawa na 1 kwa kuku 5, viko chini kuliko fito. Vikiwa juu, kuku watalala ndani yake na mayai yatachafuka.

Sakafu ni waya wa matundu ya milimita 12, kinyesi kinaanguka moja kwa moja kwenye malisho. Kuta nazo ni waya huo huo. Waya mwepesi wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche kuingia.

Fremu ya kwanza ya mbao za sentimita 5 kwa 10 ilikuwa nzito mno. Magurudumu yalizama kwenye udongo laini na watu 2 walishindwa kulisogeza. Imebadilishwa: mbao za 5 kwa 5, bati jepesi, magurudumu mapana ya toroli. Mtu 1 analivuta.

Wiki ya 5: mzunguko unaanza

Mpango: mbuzi siku 4 kwenye kipande, kisha ng'ombe na mtamba siku 4, kisha kuku siku 4. Hoja ya mstari huu ni minyoo. Mnyoo mnyonya damu wa mbuzi hawezi kukua vizuri ndani ya ng'ombe, hivyo ng'ombe akila majani yenye mabuu ya mbuzi anayamaliza. Mayai ya minyoo yakidondoka na kinyesi kwenye joto na unyevu huchukua kama siku 5 hadi 7 kuwa mabuu yanayoambukiza. Mbuzi akiondoka siku ya 4 hawezi kujiambukiza kwa kinyesi chake cha juzi.

Mbuzi hawatoki asubuhi mpaka umande ukauke. Mabuu hupanda kwenye majani kwa kufuata utando wa maji, na wengi hukaa sentimita chache za chini. Kwa hiyo majani hayaliwi chini ya sentimita 10. Kijiti chenye alama kimechomekwa kwenye kila kipande.

Punda anaingia na ng'ombe. Minyoo yake mingi nayo ni tofauti.

Wiki ya 6: mbuzi stoo

Komeo la mlango wa stoo lilikuwa la kuinua. Mbuzi analiinua kwa pua. Mbuzi 2 walikutwa kwenye pipa jekundu ambalo kifuniko chake kilikuwa cha kuegesha tu, na karibu kilo 3 za chakula cha kuku zilikuwa hazipo.

Nafaka iliyosagwa ikiingia kwa wingi kwenye tumbo kubwa la mbuzi huchachuka haraka. Vijidudu vinavyotengeneza asidi vinazaliana kuliko vingine, tumbo ambalo kawaida liko kati ya pH 6 na 7 linashuka chini ya 5.5, na vijidudu vyema vinakufa. Dalili hutokea kati ya saa 12 na 36: mbuzi hacheui, ubavu wa kushoto unajaa na ukibonyezwa unacheza kama mfuko wa maji, kinyesi kinakuwa uji wenye harufu ya uchachu, mnyama anayumba. Kungoja dalili ni kosa. Daktari wa mifugo aliitwa saa hiyo hiyo, akawapa kwa mdomo dawa ya kupunguza asidi kwa kufuata uzito wao (namba za wiki ya 1 zilifaa hapa). Nafaka ilisimamishwa kabisa, hei kavu tu kwa siku 3, na kutembezwa polepole. Wote wawili walianza kucheua siku ya pili. Kwato zao ziliguswa kila siku kwa wiki mbili, kwa sababu joto na maumivu ya kwato hufuata baada ya asidi, wakati watu wameshaacha kuangalia.

Mabadiliko: komeo la kusukuma lenye pini, mlango wa pili wa nusu ndani ya ule wa kwanza, vifuniko vya mapipa vyenye pete ya kukaza. Anayetoka stoo anavuta mlango akiwa nje ili kuhakikisha umefunga.

Wiki ya 8: mpango wa mstari umevunjwa

Kipande cha 1 na cha 2 havichipui vizuri. Sababu imeonekana kwa kuchuchumaa na kuangalia majani yenyewe: ukoka huanza kutoa chipukizi siku ya 5 hadi ya 7 baada ya kuliwa. Ng'ombe alikuwa anaingia siku ya 5 na kuziuma chipukizi zile. Mmea ulitumia akiba ya mizizi kutoa jani, jani likaliwa, ikabidi uanze tena bila akiba.

Kukata hadi siku 2 kwa mbuzi na 2 kwa ng'ombe kungeacha chipukizi salama, lakini ulinzi wa minyoo ungeongezeka kidogo tu kuliko kuwachunga pamoja, na kazi ya kuhamisha ingeongezeka maradufu. Uamuzi: mbuzi, ng'ombe, mtamba na punda wote pamoja siku 4, kisha wanaondoka wote. Vipande 12 mara siku 4 ni mzunguko wa siku 48, na kila kipande kinapumzika siku 44. Ng'ombe bado anakula sehemu ya mabuu ya mbuzi yaliyobaki kutoka mzunguko uliopita. Siku 44 hazimalizi mabuu yote, hasa kukiwa na unyevu, kwa hiyo ukaguzi wa rangi ya macho ya mbuzi (wiki ya 11) unabaki palepale.

Kuku wanafuata mara wakubwa wanapoondoka. Wakati huo kinyesi cha ng'ombe kina umri wa siku 1 hadi 4, funza wa nzi wamejaa, na kuku wanachakura mpaka kinasambaa na kukauka. Walipochelewa siku 8 walikuta maganda matupu. Nzi walikuwa wamesharuka. Kwa kuku, kuwahi kwa siku mbili tatu ndiko kunakopunguza nzi bandani.

Usiku kila aina inalala kwake.

Wiki ya 9

Chanjo ya mdondo kwa kuku wote 30 siku moja, tone 1 jichoni, jioni walipokuwa wamelala kwenye fito. Ni ile inayostahimili joto. Itarudiwa baada ya miezi 3.

Wiki ya 11: macho ya mbuzi

Ukaguzi wa kila wiki 2 kwa kadi ya FAMACHA, kadi ya rangi inayoonyesha upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Kope la chini linafunuliwa mchana kwenye mwanga wa jua na rangi ya ndani inalinganishwa na kadi: 1 ni nyekundu, 5 ni nyeupe. Matokeo: mbuzi 3 wana rangi ya 2, 2 wana 3, na 1 ana 4. Aliyepewa dawa ya minyoo ni mmoja tu, mwenye 4, kwa kipimo cha daktari. Wawili wenye 3 wana mimba, nao wataangaliwa tena baada ya wiki 1.

Kuwapa wote dawa kunaonekana kama uangalifu, lakini kunafuga usugu: minyoo inayobaki hai ni ile isiyodhurika tu, na hiyo ndiyo inayozaa. Tukiwaacha wenye damu nzuri bila dawa, minyoo inayokufa kwa dawa inaendelea kuwepo na kuchanganyika na ile sugu. Kosa jingine la kawaida ni kutumia kipimo cha kondoo au ng'ombe. Mbuzi huziondoa dawa nyingi mwilini haraka, na kipimo kidogo hakiui, kinafundisha.

Wiki ya 12: maganda laini

Mayai 22 kwa siku, lakini 3 hadi 4 yana ganda jembamba. Chakula hakijabadilika. Kilichobadilika ni mahindi ya jioni ya kuwarudisha kuku bandani, ambayo yalipanda taratibu mpaka gramu 40 kwa kuku.

Hesabu: gramu 120 za chakula chenye kalsiamu asilimia 3.8 zinampa kuku gramu 4.6. Ganda 1 lina gramu 2 hivi, na kuku anafyonza kama nusu ya anachokula. Mahindi yakichukua nafasi ya gramu 40, kalsiamu inashuka hadi gramu 3, na ganda haliwezi kukamilika. Mahindi yamepunguzwa hadi gramu 10. Chokaa ya punje za milimita 2 hadi 4 imewekwa kwenye chombo chake, kila kuku achukue kwa haja yake. Punje ni bora kuliko unga kwa sababu hukaa kwenye firigisi na kutoa kalsiamu usiku, wakati ganda linapotengenezwa.

Wiki ya 14: hori la mbuzi

Majani yanayowekwa jioni kwenye banda la mbuzi: kilo 34. Yaliyokutwa chini asubuhi: kilo 11. Mbuzi hali kilichoanguka na kukanyagwa, na tabia hiyo ni njema kwake, inamkinga na minyoo. Hori lilikuwa sanduku wazi, mbuzi wanapanda na miguu ya mbele, wanachagua, wanamwaga. Tena kuku wawili waliobaki nje ya banda lao walikuwa wanalala ukingoni na kunyea ndani. Kokisidia ya kuku haimpati mbuzi, kila mnyama ana yake, lakini salmonela haichagui.

Hori jipya: mbao za wima zenye nafasi za kupitisha kichwa, ukingo wa chini sentimita 45 juu ya mbao za sakafu, kitako kimeinamia ndani, na kifuniko cha mteremko mkali ambacho kuku hawezi kusimama juu yake. Mabaki sasa ni kilo 4. Ni kilo 7 za majani kila siku, zimepatikana kwa ubao na misumari.

Mbao za sakafu ya banda lililoinuliwa zimebaki na mwanya wa sentimita 1.5. Ukipanuka zaidi mguu wa mwanambuzi unanasa.

Wiki ya 15

Kitambaa cheupe kilipitishwa chini ya fito za kuku saa 3 usiku. Madoa mekundu 2 ya utitiri kwenye ncha za fito. Fito zimetolewa, zimemwagiwa maji ya moto, zimekaushwa juani. Kurudia baada ya siku 7, kwa sababu mayai hayafi yote mara ya kwanza.

Wiki ya 17: kuzaa

Mbuzi 2 waliopandishwa mwezi mmoja kabla ya mradi wamezaa, siku ya 149 na ya 151. Wana 3, kilo 2.8 hadi 3.1. Kitovu kilichovywa tinki ya ayodini asilimia 7 mara moja, na tena baada ya saa 12. Dang'a ndani ya saa 2 za kwanza, jumla ya asilimia 10 ya uzito ndani ya siku, yaani mililita 300 kwa mwana wa kilo 3, kwa awamu 4. Baada ya hapo utumbo hufunga mlango kwa kinga ya mama, na dang'a inayochelewa inakuwa chakula tu.

Mpangilio wa kazi za asubuhi umebadilika: wanambuzi kwanza, kisha wakubwa wenye afya, kisha mnyama yeyote anayetibiwa. Buti zinaoshwa kabla ya kuingia kwa wadogo. Anayetoka kwa mgonjwa harudi kwa watoto siku hiyo.

Wiki ya 19: kiwele

Kikombe cheusi cha kukamulia michirizi 3 ya kwanza kilionyesha mabonge madogo kwenye robo ya nyuma kulia ya ng'ombe, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Kipimo cha dawa ya zambarau kiliganda kama ute kwenye robo hiyo peke yake. Chanzo kinachodhaniwa: kitambaa kimoja kilikuwa kinafuta viwele vya ng'ombe na mbuzi wote. Sasa kila mnyama ana kitambaa chake, chuchu zinachovywa ayodini baada ya kukamua, na ng'ombe anapewa majani papo hapo ili asimame kwa nusu saa, tundu la chuchu lijifunge kabla hajalala. Robo yenye ugonjwa inakamuliwa mwisho kwenye chombo chake. Maziwa ya siku za dawa, pamoja na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo, hayaingii kwenye ndoo ya nyumbani wala ya kuuza, na ndama wala wanambuzi hawapewi.

Wiki ya 21: hesabu ya majani, mara ya pili

Majani ya tembo yamegawanywa mistari 8, unakatwa mmoja kila wiki, hivyo kila mmoja unakatwa ukiwa na wiki 8 na kimo kinachozidi mita 1 kidogo. Bua linaachwa sentimita 8 juu ya ardhi. Wastani ni kilo 370 kwa wiki, sawa na kilo 53 kwa siku, au 10.6 za uzito mkavu. Malisho yanatoa takriban kilo 12. Chakula cha ziada cha ng'ombe, kilo 2.5, kinatoa 2.2. Jumla 24.8. Namba ya mlangoni ni 28.

Upungufu wa kilo 3.2 kwa siku hauonekani kwa wiki moja. Unaonekana kwenye mbavu za mtamba, ambaye kwa ukubwa hushindwa na ng'ombe na kwa wepesi hushindwa na mbuzi. Mzingo wake umeongezeka sentimita 2 tu tangu wiki ya 13. Apandishwe akifika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa utu uzima, yaani kilo 240 hadi 260, na kwa mwendo huu hatafika kwa wakati.

Uamuzi: mbuzi 2 wakubwa wameuzwa. Hilo linaondoa kilo 2.8. Ni uamuzi mchungu, kwa kuwa mmoja alikuwa mkamuliwaji mzuri, lakini mnyama mwenye njaa hutoa hasara kwenye kila ukurasa wa daftari. Pengo lililobaki linajazwa na ua wa lusina (mti wa malisho) uliopandwa mpakani, ambao umefika kukatwa. Lusina isizidi asilimia 30 ya chakula cha ng'ombe na mbuzi, na iongezwe polepole kwa siku 10, kwa kuwa ina sumu iitwayo mimosini. Punda asipewe, manyoya ya shingo na mkia humtoka.

Wiki ya 22 na 23: saileji kwenye mapipa

Mvua ilikuwa nyingi na mistari 3 ilitoa kilo 520 kila mmoja badala ya 370. Ziada ya kilo 450 haikulishwa hovyo. Imefanywa saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa, kwenye mapipa 4 ya lita 200.

Majani yanasinyazwa nusu siku, yanakatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, yanachanganywa na kilo 3 za molasi kwa kila kilo 100 (majani ya tembo yana sukari kidogo na bila msaada huoza badala ya kuchachuka), kisha yanashindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Kipimo cha unyevu: bana konzi kwa nguvu kisha achia. Donge likifumuka polepole bila kutoa maji, ni sawa. Pipa la kwanza lilibeba kilo 95 tu kwa sababu tabaka zilikuwa nene. Mengine matatu yalibeba 110 na zaidi. Hewa iliyobaki ndani ndiyo ukungu wa baadaye.

Wiki ya 26

Pipa la pili limefunguliwa baada ya wiki 4: rangi ya zeituni, harufu ya siki nyepesi, hakuna joto. Pipa la kwanza lilifunguliwa pia ili kulinganisha, na sentimita 12 za juu zilikuwa na ukungu mweupe. Sehemu hiyo imeenda kwenye mboji. Haikutupiwa kuku, na mbuzi hawakuachwa karibu: saileji iliyoharibika inaweza kubeba bakteria wa listeria, na mbuzi aliyeipata huanza kuzunguka upande mmoja huku sikio na mdomo vikilegea. Punda hapewi saileji kabisa, hata nzuri.

Ng'ombe anapewa kilo 15 kwa siku, akianza na 3 na kuongezewa taratibu, kila mara baada ya kukamuliwa, la sivyo harufu inaingia kwenye maziwa. Mapipa yatatosha karibu siku 28.

Mzingo wa kifua wa mtamba: umeongezeka sentimita 4 ndani ya wiki 5. Macho ya mbuzi 4: watatu wana 2, mmoja ana 1. Maganda laini: 1 kwa wiki. Volti za uzio: 5,100.

Kazi za wiki ya 27: kupogoa kwato za mbuzi (wiki ya 7 tangu mara ya mwisho), kufyeka chini ya waya upande wa mashariki ambako volti zinashukia, na kubadilisha kamba ya kopo la pipa la bluu, iliyokatwa na panya.